Ushuru wa Forodha na Sahani Yako: Nani Huamua Tule Nini Eastlands?

JE, msomaji, umewahi kusimama kando ya Barabara ya Jogoo saa kumi na mbili jioni, wakati watu wanatoka kazini, ukaangalia vyakula vinavyouzwa kuanzia City Stadium hadi Donholm? Kuna chapati, mandazi, chipsi, sambusa, na smokie zilizopasuliwa katikati zikajazwa kachumbari. Ingia ndani ya mitaa, Makongeni, Maringo, Jericho, Uhuru, uendelee hadi Umoja na Kayole, na utaona yale yale. Mama wa githeri yupo, na wa samaki yupo, lakini foleni ndefu haiko kwao.

Ukiwauliza watu sababu, utaambiwa kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu wa kupika. Hata katika kliniki lawama huwa hiyo hiyo. Ni kweli hakuna anayelazimishwa kula chipsi. Lakini hebu tujiulize swali jingine: kwa nini unga wa ngano na mafuta ya kupikia hupatikana kila duka, kila siku, hata kwa kipimo cha shilingi chache, ilhali glasi ya maziwa, sahani ya maharagwe au kipande cha samaki ni jambo la kupangia bajeti?

Sehemu kubwa ya jibu haiko Eastlands. Iko katika mikataba ya biashara ambayo serikali imetia sahihi na mataifa mengine, na katika vikao vya Arusha, Geneva na Brussels ambako viwango vya ushuru hupangwa. Mambo hayo huandikwa katika kurasa za biashara, nasi wa kurasa za afya huyapita bila kuyasoma. Wiki hii tuyasome pamoja, kwa sababu mwisho wake ni tumboni.

JEDWALI LISILOMJUA MTOTO

Tarehe 1 Januari 2005, Kenya, Uganda na Tanzania zilianza Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi hizo zilikubaliana kutoza ushuru wa aina moja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Kanuni yake ni rahisi kuelewa. Malighafi ya viwanda haitozwi kitu. Bidhaa iliyotengenezwa nusu hutozwa asilimia 10, na ile iliyo tayari kwa mnunuzi asilimia 25. Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha nne, asilimia 35. Kando ya hapo kuna orodha ya bidhaa zinazolindwa zaidi: mahindi asilimia 50, maziwa 60, mchele 75 na sukari 100.

Kanuni hiyo ilitungwa kulinda viwanda na wakulima, na kwa kazi hiyo si mbaya. Shida huonekana ukiitazama kwa jicho la lishe. Mafuta ghafi ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia ni malighafi ya kiwanda, kwa hivyo jedwali la 2005 liliyaweka kwenye sifuri. Ngano iliwekewa asilimia 35, lakini mwaka baada ya mwaka Kenya imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza asilimia 10 tu, kwa sababu mavuno ya wakulima wa Narok na Uasin Gishu hayatoshi kulisha mashine za kusaga. Maharagwe makavu hayahitaji kiwanda. Yakitoka nje ya Afrika Mashariki, jedwali liliyahesabu kuwa bidhaa iliyo tayari na likayapa asilimia 25.

Umeona mambo yalivyo? Chakula kinachopitia kiwandani hufunguliwa mlango, na kile ambacho mama anaweza kukitia sufuriani moja kwa moja husimamishwa getini. Hakuna mtu aliyekaa chini akapanga watoto wa Korogocho wadumae. Ni kwamba mezani walikuwepo watu wa hazina, wa biashara na wa viwanda, na mtaalamu wa lishe si mwenyeji wa meza ile.

Sukari tuiweke kando. Hapo, kwa mara moja, mtoza ushuru na daktari wanaelekea upande mmoja. Sukari ya nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 100, na hata ile ya soko la COMESA, ambalo Kenya iliingia katika biashara yake huru mwaka wa 2000, iliwekewa kikomo kwa miaka mingi ili kulinda viwanda vya Magharibi mwa Kenya. Hata hivyo hatujaacha kuweka vijiko vinne katika kikombe kimoja cha chai!

NJAA ILIYOBADILIKA SURA

Zamani ukisema utapiamlo, watu walifikiria mtoto mwenye tumbo kubwa na nywele nyekundu. Huyo bado yupo, lakini si wengi kama zamani. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, kutoka asilimia 26 mwaka wa 2014. Hayo ni maendeleo ya kufurahisha. Lakini uchunguzi huo huo ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 ni wazito kupita kiasi au wanene. Uchunguzi mwingine, wa mwaka wa 2015, ulikuwa umeonyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu lililo juu.

Nayo hesabu ya taifa huficha mambo ya mtaani. Watafiti wa kituo cha APHRC, ambao wamefuatilia familia za Korogocho na Viwandani kwa miaka mingi, wamewahi kukuta zaidi ya watoto wanne kati ya kumi wakiwa wamedumaa. Wala usidhani mama wa mtoto huyo ni mwembamba. Mara nyingi katika chumba kimoja utamkuta mtoto aliyedumaa na mama mnene, na wote wawili wanakula kutoka sufuria moja.

Inawezekanaje? Mwili wa mtu mzima ukipewa wanga na mafuta kuliko unavyotumia, huweka akiba ya mafuta. Mwili wa mtoto unajenga. Unataka protini, madini ya chuma, zinki, kalisi na vitamini A. Chapati iliyolowa mafuta itamnyamazisha asilie njaa, lakini haina vifaa vya kutosha vya kujenga mfupa, damu na ubongo. Kwa nje anaonekana ameshiba. Ukimpima urefu kliniki ndipo unagundua kwamba mtoto wa miaka mitatu ana urefu wa mtoto wa miaka miwili. Kudumaa kukishapita umri wa miaka miwili ni vigumu sana kukurekebisha.

Kuhusu mafuta yenyewe, karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yanayoganda, ambayo yakizidi huongeza lehemu mbaya katika damu. Si sumu, na mtoto mdogo anahitaji mafuta kiasi katika chakula chake. Ubaya ni wingi, na kurudiwarudiwa. Mafuta yaliyokaangia chipsi tangu asubuhi hadi yakawa meusi hayafai kwa mtu yeyote.

SAMAKI KWENDA ULAYA, MIFUPA GIKOMBA

Kama kuna chakula kinachoonyesha siasa ya biashara waziwazi, ni samaki. Wakazi wa zamani wa Eastlands wanakijua kile kinachoitwa mgongo wazi. Ni mifupa ya mbuta iliyobaki na kichwa na mkia, baada ya nyama yote kukatwa kwa kisu. Kuanzia miaka ya 1980, viwanda vilivyojengwa kando ya Ziwa Victoria vilikata minofu ya mbuta na kuisafirisha Ulaya. Mgongo ndio uliokaangwa ukaletwa sokoni kwa maskini. Mtu akila mgongo wazi hupata kalisi kidogo akitafuna mifupa laini, na nyama iliyojificha kichwani, lakini protini nyingi imeshapanda ndege.

Hapo ndipo ilipoonekana nani anashika kamba. Mwishoni mwa 1997 kulikuwa na kipindupindu katika nchi zetu, na Jumuiya ya Ulaya ikazuia samaki wabichi kutoka Afrika Mashariki, ingawa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisema hatari ya ugonjwa huo kupitia samaki wa biashara ilikuwa ndogo mno. Mwaka wa 1999 zuio likarudi tena, safari hiyo kwa sababu ya wavuvi waliotia sumu majini kuvua samaki. Viwanda vilifunga milango na wafanyakazi wakaenda nyumbani. Serikali ilihangaika kurekebisha maabara na fukwe ili Ulaya iridhike, na maabara hizo zilikuwa za samaki wanaokwenda nje. Wale wa Gikomba waliendelea kupangwa chini penye matope kama kawaida. Mpaka leo jambo hilo linanikera: usafi wa chakula chetu ulianza kushughulikiwa mlaji wa Madrid alipolalamika.

Ziwa lilipopungua samaki, pengo lilijazwa na ngege wa kufugwa kutoka Uchina, waliogandishwa na kupakiwa katika makatoni. Utawakuta Gikomba, Kariobangi na Kayole. Bei yao ilikuwa ya chini kuliko ya samaki wa ziwani, na ndiyo maana mama wauza samaki waliwakimbilia. Mwishoni mwa 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitamka hadharani kwamba samaki hao wazuiwe, ili wavuvi wa Kenya wapate soko. Ubalozi wa Uchina jijini Nairobi ulilalamika. Wakati huo Kenya ilikuwa na deni kubwa la Uchina la kujengea reli mpya ya SGR, na kila mtu aliweza kujumlisha mbili na mbili. Baada ya muda mfupi zuio lililegezwa, na makatoni yakaendelea kuingia.

Msomaji atauliza: je, samaki hao ni salama? Samaki wa kugandishwa si mbaya kwa sababu tu ametoka mbali. Aliyeyeyuka, akagandishwa tena, akayeyuka tena juani ndiye wa kuogopa. Bonyeza nyama yake kwa kidole. Ikibaki na shimo, au ikiwa na harufu kali, mwache.

Lakini ukiniuliza mimi, ngege wa Uchina na mbuta wa ziwani wote hawafiki kwa omena. Omena huliwa mzima, pamoja na mifupa na kichwa, kwa hivyo humpa mtoto protini, kalisi na chuma kwa pamoja. Ni wetu, anatoka Ziwa Victoria pande zote tatu. Waganda humwita mukene, Watanzania humwita dagaa. Huyu naye ana mshindani, kwani sehemu kubwa ya omena husagwa ikawa chakula cha kuku na cha mifugo mingine. Kuku wa Nairobi anashindania omena na mtoto wa Nairobi, na kuku ana tajiri wa kumnunulia.

UNGA NA MIPAKA

Tusisahau ugali. Hadi Desemba 1993 biashara ya mahindi ilishikwa na Bodi ya Nafaka. Hukuweza kubeba magunia kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali, na mkazi wa mjini alitegemea unga mweupe uliokobolewa na viwanda vikubwa. Benki ya Dunia na mashirika mengine ya wafadhili yaliibana serikali ilegeze masharti, na hatimaye ikalegeza. Bei ya unga wa pakiti ilipopanda, watu wa mapato ya chini waligeukia vinu vya mtaani, kununua mahindi na kuyasaga bila kukoboa.

Kwa lishe, jambo hilo lilikuwa na faida ambayo hakuna aliyeikusudia. Unga usiokobolewa huwa na kiini na pumba za mahindi, ambazo zina vitamini za kundi B na nyuzinyuzi. Baadaye, mwaka wa 2012, sheria ililazimisha viwanda kuongeza chuma, zinki, vitamini A na vitamini nyingine katika unga wa mahindi na wa ngano. Kwa hivyo leo wa pakiti una yaliyoongezwa, na wa kinu una yaliyoumbwa nao. Anayeweza abadilishe, mara huu mara ule.

Wakati huo huo, Januari 1995, Kenya iliingia katika Shirika la Biashara Duniani, WTO. Mwaka wa 2015 shirika hilo lilileta mkutano wake wa mawaziri hapa hapa Nairobi, katika jumba la KICC, na tarehe 19 Desemba wajumbe wakakubaliana kufuta ruzuku ambazo nchi tajiri huwapa wauzaji wao wa mazao nje. Huo ulikuwa ushindi kwa mkulima wetu. Lakini ruzuku ambazo nchi hizo huwapa wakulima wao mashambani hazikuguswa.

Ushuru wa asilimia 50 kwa mahindi humlinda mkulima wa Kitale mvua ikinyesha. Ikikosekana, mkazi wa Mathare ndiye hulipa. Ndiyo sababu karibu kila uchaguzi hutuletea unga wa siasa. Mei 2017 ushuru uliondolewa, meli ikatia nanga Mombasa na mahindi meupe ya Mexico, na pakiti ya kilo mbili ikauzwa Sh90. Julai 2022, baada ya bei kupita Sh200, ikatangazwa pakiti ya Sh100 kwa wiki nne, ambayo wengi waliisikia redioni tu. Mtoto hali wiki nne kwa miaka mitano.

Msaada wa kweli umekuwa majirani. Mahindi ya Uganda na Tanzania huingia bila ushuru wa forodha, na ndivyo yanavyoingia maharagwe, vitunguu, machungwa, ndizi na mayai. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mtu wa Eastlands, una thamani kuliko ile ya Ulaya na Marekani ikiwekwa pamoja. Lakini pia ndio unaovunjwa kwa wepesi zaidi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya nchi hizo mbili kwa sababu ya sumu ya kuvu, aflatoksini. Malori yalipanga foleni mipakani, viongozi wakapigiana simu, na baada ya siku tano yakaruhusiwa kwa masharti, pamoja na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Sumu hiyo si hadithi. Mwaka wa 2004 iliua watu 125 Ukambani, na mahindi hayo yalikuwa ya humu humu nchini. Kwa hivyo kuipima ni lazima. Ila ukiona upimaji umeanza ghafla siku moja, mpakani tu, na mahindi ya ghala la ndani hayaguswi, una haki ya kujiuliza kama anayelindwa ni afya yako au bei ya mtu. Watanzania nao si malaika. Oktoba 2017 waliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya kupitia Namanga, kwa hofu ya homa ya ndege.

Na tukumbuke kwamba wa mbali pia hufunga milango yao bila kutuuliza. Aprili 2022 Indonesia ilizuia mafuta ya mawese yasitoke kwao kwa karibu mwezi mmoja, na bei ya kipimo cha mafuta Dandora ikaruka. Julai 2023 India ikazuia mchele mweupe wa kawaida. Mchele wenyewe una siasa yake: Kenya huutoza asilimia 35 badala ya 75 za Jumuiya, na si siri kwamba Pakistan, inayotuuzia mchele mwingi, ndiyo mnunuzi wetu mkubwa wa chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu huja na masharti.

MAZIWA

Aliyesoma shule ya msingi miaka ya 1980, iwe ni Bahati, Kaloleni au Shauri Moyo, hawezi kusahau maziwa ya Nyayo. Rais Moi aliyaanzisha mwaka wa 1979, pakiti ndogo mara mbili kwa wiki, bila malipo. Katika miaka ya 1990 mpango huo ulififia. Bei ya maziwa iliachiliwa mwaka wa 1992, na kampuni ya KCC, iliyoyasambaza, ikadhoofika kwa ushindani na kwa usimamizi mbaya. Walioachilia soko hawakuacha kitu mahali pa pakiti ile.

Ushuru wa asilimia 60 huzuia maziwa ya unga ya Ulaya yasimwagwe hapa. Wapo wanaosema uondolewe ili maziwa yawe rahisi. Mimi siungi mkono, na nitakueleza kwa nini. Katika nchi za Afrika Magharibi, maziwa ya unga ya kusindikwa huingia kwa ushuru wa asilimia 5. Mengi ya yanayoletwa huko kutoka Ulaya yametolewa malai yakatiwa mafuta ya mawese, na wafugaji wa huko wanalia. Mlaji hupata kitu cheupe cha bei nafuu ambacho si maziwa kamili.

Kinachoniumiza ni kwamba hata maziwa ya jirani huzuiwa. Januari 2020 maofisa wa Kenya walikamata shehena za maziwa ya Lato kutoka Uganda, na serikali ya Uganda ikaandika barua ya malalamiko. Uganda imo katika Jumuiya na imo katika COMESA. Kama mkataba haulindi maziwa ya ng'ombe wa Mbarara yafike Umoja, unalinda nini?

Wapo waliowahi kuchukua hatua kwa ajili ya afya wakazuiwa na mikataba. Kisiwa cha Samoa, katika Bahari ya Pasifiki, kilipiga marufuku mikia ya batamzinga mwaka wa 2007, kwa sababu ni mafuta matupu na watu wake walikuwa wakiugua kisukari. Kilipotaka kuingia WTO kiliambiwa kiondoe marufuku hiyo. Mwaka wa 2012 kikaingia, mikia ikarudi, na kikaachiwa kutoza ushuru tu.

Hapa kwetu mkataba mpya na Jumuiya ya Ulaya ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 na kuanza kutumika 1 Julai 2024. Kenya itafungua soko lake kwa awamu, na bidhaa kadhaa za kilimo zimeachwa nje. Hiyo ni nafuu. Wakulima wadogo walikuwa wamekwenda Mahakama Kuu tangu 2007 kupinga mazungumzo ya mkataba wa namna hiyo, na mwaka wa 2013 mahakama ikaiagiza serikali kuwapasha wananchi habari na kuwashirikisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, nayo humpa kila mtu haki ya chakula cha kutosha. Kwa hivyo mlango upo, na wanaoupitia ni wakulima na wenye viwanda. Sijasikia kikundi cha kina mama wa Kayole kikiitwa kutoa maoni kuhusu ushuru wa maharagwe.

Mnamo 2024, Mswada wa Fedha ulipotaka kuongeza kodi ya asilimia 16 kwa mkate na asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, vijana waliandamana, wengine wakapoteza maisha, na Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi. Walitetea chakula wanachokula, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini tazama ni chakula gani kimekuwa cha kufa na kupona: mkate na mafuta.

UFANYE NINI LEO?

Viwango vya ushuru vya Afrika Mashariki hupitiwa kila mwaka kabla ya bajeti ya Juni. Mbunge wako na mwakilishi wako wa wadi wana ofisi. Waulize kuhusu maziwa na maharagwe kama unavyowauliza kuhusu basari.

Nyumbani, mama, maharagwe yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, ndipo uchemshe. Makaa yatapungua na gesi tumboni itapungua. Ukiyapika pamoja na mahindi, protini ya moja hukamilisha ya nyingine, ndiyo maana githeri ya wazee ilikuwa na maana. Chungwa au nyanya mbichi kando ya sahani husaidia chuma kiingie mwilini, na chai hukizuia, kwa hivyo chai ingoje saa moja baada ya chakula. Sukuma wiki, mchicha, managu na terere zikatwe baada ya kuoshwa, si kabla, wala zisikaangwe hadi ziwe kahawia.

Mahindi au njugu zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kusinyaa, ziteue na kuzitupa. Sumu ya kuvu haiondoki kwa kuchemsha. Maziwa ya mashine za mtaani au ya muuzaji wa baiskeli yachemshe hata kama umeambiwa yamechemshwa. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maziwa yoyote ila ya mama, na aendelee kunyonya hadi miaka miwili huku akipewa vyakula vingine.

Kwa mtoto aliyepita miezi sita, chukua omena kiganja kimoja, waoshe kwa maji moto mara mbili ili mchanga utoke, uwakaushe kwenye sufuria bila mafuta mpaka wakatike ukiwakunja, kisha uwatwange au uwapeleke kinuni. Weka unga wake kwenye mkebe wenye kifuniko, mbali na unyevu. Kijiko kimoja cha chai kwenye uji wa asubuhi, na kimoja kwenye ndizi au viazi vilivyopondwa mchana. Harufu humsumbua siku mbili tatu za kwanza, halafu anazoea.